Land Rover 109 pikapu inazima kila baada ya dakika ishirini. Nisaidieni kabla sijaiuza kwa kilo

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga na bado inanuka petroli, kwa hiyo mkiona neno kali humu mniwie radhi.

Nina Land Rover 109 pikapu, Series III, kadi inasema 1975, injini ya petroli ya silinda nne, ile ya lita 2.25. Ilikuwa ya marehemu bamdogo. Aliibebea viazi kutoka Makete kwenda Makambako tangu mimi nipo darasa la pili, na ndiyo iliyonipeleka sekondari ya bweni, nimekaa juu ya magunia, sanduku la bati katikati ya miguu. Mwaka 2009 ilimzimikia njiani, ikavutwa na trekta hadi nyumbani, ikasukumwa chini ya mparachichi. Hapo ikakaa miaka kumi na minne. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Familia ilipokaa kugawana, wenzangu walichukua shamba na mashine ya kusaga, mimi nikasema nipeni hiyo gari. Walicheka. Mke wangu hakucheka.

Nimeitengeneza kwa mshahara wa ualimu, yaani kipande kwa kipande. Boriti ya nyuma ya chasisi ilikuwa imeliwa na kutu hadi bisibisi inapita kama kwenye mkate. Ile tulikata, tukachomelea chuma kipya, haikuwa shida. Shida ikaja kwenye bodi. Kijana wa kuchomelea alikuta ufa kwenye boksi la nyuma, akachukua mashine na vijiti vyake vile vile vya kuchomelea mageti. Nikamwambia kijana, hii ni aluminiamu, sumaku haishiki hapa. Akanijibu "bati ni bati tu mwalimu". Sekunde tatu baadaye palikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Nililiziba kwa ribiti na kiraka nilichokata kwenye sufuria kubwa bovu niliyoikuta stoo. Kimekaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Injini tulifungua yote. Ringi mpya, beringi mpya, vali zimesagwa. Siku ilipowaka mara ya kwanza nilitoka nje ya gereji nikajifanya napokea simu.

Sasa tatizo. Inawaka vizuri asubuhi. Inatembea vizuri dakika kumi na tano, ishirini. Halafu kwenye kilima inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukikaa robo saa inawaka tena kama haikuwa yenyewe, unakwenda kidogo, inazima. Pia inatoa moshi mweusi na inakunywa petroli kama imetoka jangwani.

Nilichobadilisha hadi sasa: plagi, pointi, kondensa, koili, filta, pampu ya petroli. Tangi nilitoa nikalitia kokoto na petroli nikalitikisa na wanafunzi wawili (walilipwa soda) hadi likatoa kutu yote. Fundi wa kwanza anasema ni koili, ingawa ni yeye aliyeniuzia hiyo koili. Fundi wa pili anasema silinda hedi ina ufa. Shemeji anasema niweke injini ya Toyota.

Mwenye kujua aniambie. Nimebakiwa na hela ya kosa moja.

Kamanda_wa_Dizeli

Mkuu, shemeji yako ana akili. Weka dizeli ya Toyota, funga kitabu. Nimeziona nyingi zimefanyiwa hivyo na zinapiga kazi. Petroli ya 2.25 hata ikiwa nzima itakufilisi.

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Kamanda, nakuelewa. Lakini nikitoa injini nitabaki na milango miwili ya bamdogo na usukani. Naomba tuendelee na hii kwanza.

NakuruBoy

Sasa mwalimu. Mzee wangu alikuwa na 109 hapa Nakuru, ikipata moto petroli inachemka ndani ya paipu kabla haijafika kwenye kabureta, pampu inabaki kuvuta mvuke. Yeye alikuwa anabana paipu na vibanio vya nguo, vile vya mbao, vitano sita hivi. Tulikuwa tunamcheka lakini gari ilikuwa inafika.

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Ahsante ndugu yangu. Vibanio nimeviweka, mke wangu ameshavihesabu kwenye kamba na ameona vimepungua. Ila Njombe mwezi wa saba mtu anavaa makoti mawili na asubuhi kuna barafu kwenye majani. Sijui kama petroli inaweza kuchemka huku. Imezima vile vile.

Mama_Spea (Mbeya)

Kamwene mwalimu. Mimi nauza spea za Land Rover mwaka wa kumi na saba huu, kwa hiyo nitakuambia kitu ambacho kitaninyima biashara: acha kununua. Umenunua vitu sita kwa tatizo moja.

Moshi mweusi na kunywa petroli ni habari nyingine, na kuzima ni nyingine. Nahisi una magonjwa mawili kwenye mwili mmoja ndiyo maana mafundi wanagongana. Nianze na moshi.

Kabureta yako bila shaka ni Zenith, ile 36IV. Hiyo ina tabia inayojulikana. Kifuniko chake cha juu kinapinda. Watu wanakaza skrubu kwa hasira mwaka baada ya mwaka, kingo zinashuka, katikati panabaki pamenyanyuka. Petroli inapita pasipotakiwa, injini inalewa. Fungua kile kifuniko cha juu, safisha, weka rula ya chuma juu yake, angalia kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, umeshampata. Tafuta kioo kinene cha dirisha, kiweke mezani, kibandike msasa laini wa maji, usugue uso wa kifuniko kwa mzunguko wa namba nane, polepole, usikandamize. Fanya hivyo hivyo na uso wa kipande cha chini. Ndani kuna oringi (pete ya mpira) ndogo, ndogo kweli, usiipoteze, na kama imekuwa ngumu kama punje ya mchele badilisha. Hiyo oringi njoo dukani nikupe, sitakuuzia.

Na usikate tamaa. Tulioenda Arusha kwenye lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 tuliona zilizochoka kuliko hiyo yako zikipita barabarani.

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Mama, Mungu akubariki. Rula ya chuma nilikuwa nayo, ya ubao wa hisabati. Mwanga ulipita hadi nikaweza kuingiza karatasi ya daftari. Nimesugua jioni mbili, saa moja na nusu kila jioni, kioo kilitoka kwenye fremu ya picha ya harusi (picha ipo salama, iko kabatini, msiulize). Moshi mweusi umekwisha kabisa. Mlio umetulia, injini inaunguruma chini kama paka.

Jana nikaipeleka mjini kuijaribu. Dakika kumi na nane, kwenye kilima, ikakohoa. Ikazima.

Nilikaa ndani nikiwa nimeshika usukani. Boda boda akasimama, akauliza "mzee, petroli?" Geji yangu haifanyi kazi kwa hiyo nikaona huenda kweli imekwisha. Akanipa chupa ya lita moja na nusu. Nikafungua kifuniko, kikafanya fyuuu kama unafungua soda, nikamimina, ikawaka hapo hapo bila kusubiri. Nikafika mjini. Kumbe ilikuwa petroli tu safari hii, tatizo lenyewe halijajitokeza, nitaijaribu tena wiki ijayo. Lakini kwa moshi nakushukuru sana.

Mzee_Karakana (Morogoro)

Mwalimu, rudi nyuma kidogo. Umesema kifuniko kilifanyaje?

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Shikamoo mzee. Kilifanya fyuuu.

Mzee_Karakana (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi karakana ya serikali tangu 1978, hizi 109 nimezifungua hadi ndotoni. Hiyo fyuuu ndiyo gari inakuambia jina la ugonjwa wake, wewe ukapita kama hukusikia.

Fikiria mtoto anakunywa juisi ya pakiti kwa mrija. Anavuta, pakiti inabonyea. Akifika mahali haitoki tena. Akitoa mdomo, hewa inaingia, pakiti inajaa, anavuta tena. Pampu yako inavuta petroli kwenye tangi. Kila lita inayotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kwenye hii gari hewa inaingilia kwenye kifuniko, kina tundu dogo la kupumulia. Likiziba, tangi linakuwa pakiti ya juisi. Dakika kumi na tano, ishirini, pampu inashindwa kuvuta, injini inakufa kwa kiu, na kilima ndipo inapohitaji zaidi. Ukikaa robo saa hewa inajipenyeza taratibu sehemu yoyote ile, inawaka. Ulipofungua kifuniko, hewa iliingia yote kwa mkupuo. Ndiyo maana hukusubiri. Zile lita moja na nusu hazikufanya kitu.

Usiniamini mimi, hakikisha. Pampu yako, kama ni ile ya kampuni ya AC, ina kikombe cha kioo chini. Ikizima tena, usiguse kitu, fungua boneti uangalie kioo. Kimejaa, tafuta umeme. Kiko tupu au kina mapovu, ni petroli haifiki. Hapo fungua kifuniko cha tangi, piga ile mkono ya pampu ya pembeni mara kumi, angalia kikombe kinajaa. Kikijaa, kesi imefungwa. Kipimo hiki ni cha dakika moja na ni bure. Ulipaswa kukifanya kabla ya kununua hata plagi moja, na hao mafundi wako wawili ndio walipaswa kukuambia.

Sasa swali langu. Hicho kifuniko ni cha kwake?

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Mzee, nimetoka nje na tochi sasa hivi, saa tano usiku, mbwa amenibwekea.

Kifuniko ni cha kwake. Lakini.

Mwezi wa nne, nilipomaliza kusafisha tangi, petroli ilikuwa inavuja kwenye kifuniko kila nikipinda kona, inachirizika kwenye rangi mpya. Rangi ile nilipiga mwenyewe, kijani kile cha zamani, nilikipata nilipokwangua tabaka tano za rangi kwenye mlango nikakikuta chini kabisa. Iliniuma. Nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata mduara mzuri kwa mkasi wa mke wangu, nikaubandika ndani ya kifuniko kwa gundi. Ukaziba sawasawa. Nilijisifu hata kwa walimu wenzangu stafu.

Nimeziba tundu la kupumulia. Ni mimi. Koili, kondensa, pampu, plagi, silinda hedi yenye ufa, wote hawana hatia.

Kamanda_wa_Dizeli

😂😂😂 Mkuu. Tyubu ya baiskeli.

Mama_Spea (Mbeya)

Mwalimu usijali, mimi niliwahi kumwuzia mteja pampu tatu kwa kosa kama hilo, na kwake ilikuwa kitambaa. Kesho toa hiyo tyubu, kata mduara wenye tundu katikati kama pete, ikae kwenye ukingo tu, tundu la kifuniko libaki wazi. Halafu ingiza uzi mwembamba wa waya uhakikishe linapita.

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Nimefanya. Nimeenda mjini na kurudi mara mbili. Dakika hamsini bila kukohoa. Kwenye kilima kile kile nilipiga honi bila sababu.

Sasa mzee, kwa kuwa umeshaona aibu yangu yote, nikuulize la breki. Pedali inashuka nusu, ukipiga mara mbili inapanda. Tumetoa upepo mara nne, tumemaliza chupa mbili za brekifluidi, upepo bado upo. Mpira wa breki masta ni mpya.

Mzee_Karakana (Morogoro)

Hapo wengi wanakwama, si wewe tu. 109 mbele kila gurudumu lina silinda mbili za breki, zimeunganishwa kwa kipaipu, na upepo unapenda kulala pale. Tena viatu vya breki vikiwa vimerudi mbali na dramu, pedali inatumia safari yake yote kuvisogeza, wewe unadhani ni upepo.

Fanya hivi. Kabla ya kutoa upepo, kaza ajasta zote, zile za kusogeza viatu, hadi viatu vishike dramu na gurudumu ligome kuzunguka. Mbele zipo mbili kila gurudumu, usisahau ya pili. Magurudumu yote yakiwa yamekamatwa, toa upepo, anza na lililo mbali zaidi na breki masta, malizia la karibu. Msaidizi akanyage polepole, si kama anaua nyoka. Ukimaliza, legeza ajasta moja moja hadi gurudumu lizunguke huru, pedali itakaa juu. Ikiwa bado inashuka, basi kweli kuna kitu kinavuja na uniandikie.

Na hicho kiraka chako cha sufuria nilikisoma nikacheka peke yangu, lakini kiko sahihi kuliko unavyojua. Mwaka 1940 Waingereza walitangaziwa watoe masufuria yao ya aluminiamu serikali itengenezee ndege za vita. Vita vilipokwisha chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ilikuwepo, na Land Rover ya kwanza ya 1948 ikavishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu hiyo. Wewe umerudisha sufuria mahali pake. Ila angalia kitu kimoja, ribiti zako ni za nini? Kama ni za chuma, au kiraka kimegusana na chuma cha fremu, unyevu ukiingia katikati aluminiamu italiwa, itatoa unga mweupe. Tumia ribiti za aluminiamu na upake rangi pande zote mbili zinazogusana kabla ya kukutanisha.

NakuruBoy

Mzee hii ya sufuria na ndege nimeisomea mzee wangu kwa simu. Amekataa kukata simu.

Mwalimu_Viazi (Njombe)

Wakuu, narudi kuleta ripoti, maana ni tabia mbaya mtu kusaidiwa akapotea.

Breki zimekaa. Ajasta ya pili ya gurudumu la kulia mbele ilikuwa imeganda, nimeitia mafuta usiku kucha na kuigonga taratibu asubuhi, ikakubali. Pedali iko juu, ngumu, tamu. Ribiti zilikuwa za chuma kama mzee alivyoogopa, nimezitoa zote kumi na sita kwa drili na kuweka za aluminiamu, rangi pande zote. Kweli nilikuta unga mweupe umeanza kuzunguka mbili.

Jumamosi nilipakia magunia sita ya viazi, nikampakia mama mdogo, mjane wa bamdogo, tukaenda Makambako. Alikuwa hajapanda gari hiyo tangu 2009. Alikaa kimya hadi tulipopita njia panda, hapo akaniambia gia ya tatu inaingizwa kwa kuivuta kwanza kidogo kuelekea kwako, "baba yako alikuwa anaivuta hivi". Nimehangaika na gia hiyo miezi miwili. Nilivuta kidogo, ikaingia.

Haikuzima hata mara moja. Waipa ndiyo iliyokufa tukiwa njiani, manyunyu yakiwa yameanza, nikaendesha kilometa ishirini nimetoa kichwa dirishani. Hilo nitalifungulia uzi mwingine.

Tulipofika tukashusha mizigo. Mama mdogo akazunguka gari akiikagua, anagusa huku anagusa kule, akasifu rangi, akasema ndiyo ile ile waliyoinunua nayo. Akafika nyuma. Akasimama mbele ya kiraka. Nilikipaka rangi kijani lakini mhuri wa kiwanda uliogongwa kwenye kitako bado unaonekana, na ile alama ya mduara. Akapitisha kidole juu yake. Akaniangalia.

"Hii si sufuria yangu ya misiba?"

Wakuu, ile stoo ilikuwa yake, na sufuria haikuwa bovu, ilikuwa imetoboka mahali padogo tu na alikuwa anasubiri mtu wa kuiziba. Natafuta sufuria ya aluminiamu ya kupikia watu mia, yenye mfuniko. Mwenye kujua bei ya Makambako au Mbeya anijulishe kabla ya Jumapili, kuna arobaini.